Dirisha Lililofunguliwa Mapema

Miaka kumi na moja nimegonga mihuri uwanja wa ndege, na dirisha letu la kurudisha watu walikotoka halijawahi kufunguliwa kabla ya saa tatu asubuhi. Sisi ni serikali. Hata kuchelewa tunachelewa kwa utaratibu. Lakini jaji aliposema kesho yake saa tatu ataamua kuhusu amri ya rais ya kuwazuia watu wa dini moja kuingia nchini, bosi alitupigia simu.

"Mfike saa kumi na mbili. Tuwamalize kabla jaji hajaketi."

Nilienda. Mdomo ninao, ila na watoto ninao.

Wa kwanza alikuwa mama mtu mzima aliyekuja kumwona mjukuu. Kwenye fomu, penye dini, alijaza kwa herufi kubwa, bila wasiwasi. Nikagonga muhuri, nikaandika saa daftarini: kumi na mbili na robo. Ndege ikaondoka naye.

Saa tatu na nusu mwanawe akafika akihema, hukumu mkononi: amri imefutwa, rais hana mamlaka hayo.

Bosi aliisoma. "Sawa. Tumeacha."

Mwana akatazama kibao chetu: Tunafungua saa tatu. "Basi mama yangu yuko wapi?"

Bosi alinikazia macho ninyamaze. Nikamgeuzia mwana daftari, asome mwandiko wangu.

Akasoma mara mbili. "Alisema chochote?"

"Alinionea huruma," nikamjibu. "Aliniuliza, 'Mwanangu, wamekuamsha mapema hivi, hata chai umekunywa kweli?'"