Kisima cha Reem

Mkewe Reem alipofariki, Haroub, mwenye duka la vitambaa Mbagala, alichimba kisima uani kwake na kuwafungulia majirani bomba, iwe sadaka ya marehemu. Kwa miaka sita, wengi waliojaza ndoo walimwombea Reem rehema, na Haroub alifarijika kila alipowasikia.

Kisha Hija, binti wa jirani yake Mauwa, akaanza kubadilika. Alikuwa na miaka mitano, mtoto wa maneno mengi. Tumbo likawa linamsokota, uso ukapauka, maneno yakampotea moja moja, hata jina la kaka yake likawa linamtoka. Hospitali walipima damu wakakuta madini ya risasi, wakamuuliza Mauwa nyumbani wanakunywa maji gani.

Haroub mwenyewe ndiye aliyepeleka chupa ya maji maabara, akitaka kumwonyesha Mauwa kwamba kisima hakina tatizo. Majibu yalikuwa mabaya. Mpimaji alimweleza kuwa risasi imepita kiwango mara kadhaa, nayo haionekani wala hainuki. Akamuuliza kama kuna kiwanda karibu. Nyuma ya ukuta wa Haroub palikuwa na kiwanja ambapo zamani watu waliyeyusha betri za magari kupata risasi iliyomo na kumwaga tindikali ardhini. Alipajua siku zote.

Alimkuta Mauwa akifua, akamweleza bila kuficha.

"Mie nilikuwa namchemshia, baba," Mauwa alisema. "Kila siku."

"Kuchemsha hakuiondoi. Nisamehe, mwanangu."

Mauwa aliinamia beseni. Aliendelea kusugua gauni lile lile.

Kesho yake Haroub alifunga bomba kwa kufuli. Wenye ndoo walinung'unika kwamba mzee kaingiwa na uchoyo, na kufikia mchana kufuli lilikuwa limevunjwa. Akamwita fundi, wakang'oa pampu na kukijaza kisima zege. Halafu akapita nyumba kwa nyumba akiwasihi kina mama wakapime watoto. Wengine wanne walikutwa na risasi.

Imamu alimwambia Mungu anaangalia nia. Haroub alishukuru, lakini tangu hapo kila akiinua mikono kumwombea mkewe, huanza na majina ya wale watoto, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Dawa zilishusha risasi kwenye damu ya Hija. Madaktari hawakuahidi zaidi ya hapo. Kliniki ya mwezi uliopita, Haroub aliwasindikiza. Daktari alimwonyesha mtoto picha ya kuku ataje jina lake. Hija aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mama yake amsaidie.