Beti Mbili za Malkia

Huku kwetu milimani, juu ya mji wa Reggio, kila kiangazi tunaimba mchezo wa mfalme Arbante. Ni wa saa tatu nzima, wote beti, na hakuna anayejua ulitungwa na nani. Umeishi ndani ya madaftari tu: daftari likichakaa, mtu alikaa ndani wakati wa theluji akalinakili upya. Mimi napiga fidla katika kundi letu, kwa hiyo mengine ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia Tullia mwenyewe.

Tullia Ferrarini alikuwa akisoma chuo kikuu cha Bologna, fasihi ya Kitaliano, upande wa uhakiki wa maandiko. Kazi yao ni kulinganisha nakala neno kwa neno, mpaka ijulikane mtunzi alisema nini hasa kabla mikono ya watu haijapita. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mpole, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Tasnifu yake ilikuwa kuuhariri mchezo wetu. Madaftari manne tayari alikuwa na picha zake. La tano lilikuwa kwa Desolina Corsi, na Desolina, mwenye miaka themanini na miwili, alikuwa amesema kwenye simu kwamba daftari lake halitoki jikoni mwake, si kwa profesa wala kwa Baba Mtakatifu.

Basi Tullia akapanda basi mwezi wa Aprili, akaja.

“Mikono umenawa?” Desolina alimuuliza mlangoni, kabla ya salamu.

“Nimenawa kituoni, bibi.”

“Kituoni! Nenda pale kwenye sinki. Na sabuni.”

Akamweka mezani karibu na jiko la kuni, akampa daftari lililofungwa kwa kitambaa cha mezani, akaendelea na mapishi yake. Siku mbili za kwanza walizungumza kidogo tu. Tullia alisoma, akaandika, akala alichowekewa.

Siku ya tatu akafika pale mfalme anapokwenda vitani. Katika madaftari yote manne malkia anaaga kwa ubeti mmoja, kisha anaingia ndani. Katika daftari la Desolina haingii. Anabaki langoni, anaimba beti mbili zaidi. Wa kwanza ni huu:

Usishuke kule chini,
kwenye giza la mchana;
jua halitakuona,
nitakungoja mezani.

Tullia alitoka nje akampigia simu profesa wake, mama mmoja aitwaye Gualandi, akamsomea.

“Rudia,” profesa alisema. Akarudia. “Tullia, unaelewa umeshika nini? Kama hizo ni za mtunzi, na wengine wote walizipoteza, daftari hilo limetoka njia yake peke yake, si kwa hayo manne. Hiyo si tasnifu tena. Hicho ni kitabu.”

Jioni hiyo Armido, mdogo wake Desolina, alikuja kunywa mvinyo wake wa kila siku. Armido ndiye mfalme wetu mchezoni kwa miaka arobaini, na hata akiomba chumvi huiomba kwa sauti ya mfalme. Aliposikia habari za beti zile akapiga meza.

“Hizo ni za babu yetu! Na babu alizipokea kwa babu yake. Ndizo kongwe kuliko zote. Andika hivyo, binti.”

“Usiandike,” Desolina alisema. “Huyu hata jina la mbwa wake linampotea.”

Siku ya tano ndipo mambo yalipogeuka. Tullia alikuwa akipanga orodha ya makosa, kwa sababu katika kazi yao makosa ndiyo yanayosema. Watu wawili wanaweza kupatia sawasawa bila kuonana. Kukosea sawasawa ni vigumu. Sasa katika daftari la tatu, lililokuwa la marehemu Gervasio, mjomba wa kina Desolina, farasi wa mfalme amebadilishwa jina katikati ya safari, na mahali fulani mstari umerukwa hata askari anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Daftari la Desolina lilikuwa na farasi yuleyule na askari yuleyule. Tullia aliendelea kuhesabu mpaka akafika makosa kumi na saba.

Kwa hiyo daftari la Desolina lilinakiliwa kutoka la Gervasio. Na la Gervasio, la zamani zaidi na ukurasa ule ukiwa mzima, halina beti zile.

Aliniambia kwamba alikaa akiitazama ile orodha muda mrefu, akijua kuwa akifuta makosa kama kumi hivi, hakuna mtu duniani atakayepanda mlima kwenda kuhakikisha. Kisha akausoma ule ubeti tena. Kushuka chini, giza la mchana. Vitani watu hawashuki chini. Akainua macho. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu Dovilio, mume wa Desolina, na taa kwenye kofia ya kazi.

“Bibi, mzee Dovilio alikwenda lini Ubelgiji, kwenye migodi?”

Desolina alikuwa akikata vitunguu. Hakugeuka. “Februari ya hamsini na tatu.”

“Na daftari ulilinakili lini?”

“Februari ya hamsini na—” Kisu kikasimama. “Hee! Wewe mtoto una macho.”

Akanawa mikono, akavuta kiti, akakaa.

“Alikuwa ameondoka Jumanne,” alisema. “Mjomba akaniletea daftari lake, panya wamelitafuna, akaniambia ninakili maana nina mwandiko mzuri. Nikafika pale. Mume anakwenda kufa, na malkia anasema maneno manne, anaingia ndani kama anakwenda kutazama sufuria. Nikasema, huyu mwanamke gani huyu? Nikampa maneno.”

“Na hakuna aliyeuliza?”

“Nani aulize? Walidhani zilikuwa kwenye kurasa walizokula panya. Kiangazi kile kile zikaimbwa, watu wakalia.”

“Na mzee mwenyewe?”

“Alirudi baada ya miaka minane, kifua kimekwisha. Akazisikia pale uwanjani. Akaniambia, Desolina, beti hizi mimi sizikumbuki. Nikamwambia, hukuwa ukisikiliza.” Alicheka, kisha akapangusa macho kwa aproni, akasingizia vitunguu. “Sasa utanitoa mchezoni?”

Tullia alimweleza polepole. Juu ya ukurasa yanakaa maneno ya kale kuliko yote. Chini, kwa herufi ndogo, yanakaa yale ambayo wanakili waliongeza au kubadilisha.

“Chini,” Desolina alisema.

“Chini, ndiyo. Lakini kwa jina lako na mwaka, ukiniruhusu. Ukikataa, nitaandika ‘mnakili’ tu.”

Desolina alirudi kwenye vitunguu vyake. Vilipoiva akaepua sufuria.

“Andika jina. Ila Armido nitamwambia mwenyewe.”

Alimwambia kesho yake, na kelele zilifika mpaka kwangu, nyumba tatu chini.

“Miaka sitini umenifanya mjinga mbele za watu!”

“Kwa ujinga ulijitosheleza, mimi sikuongeza kitu!”

Armido hakukanyaga pale kwa wiki tatu. Profesa naye alipigiwa simu. “Basi kitabu hakuna,” akasema. Kisha akauliza: “Makosa mangapi?”

“Kumi na saba.”

“Nitumie yote.”

Mwezi wa Julai Tullia alitetea tasnifu yake. Mtahini mmoja akamuuliza kwa nini beti nzuri kuliko zote kaziweka chini ya ukurasa. Akajibu kwamba alijua ziliandikwa na nani, na huyo si mtunzi wa mchezo. Alipata mia na saba kati ya mia na kumi, akanipigia simu akilia kwa furaha.

Kwetu, mazoezi ya Agosti yalikuwa na baridi yake. Armido alisema kwamba beti ambazo si za mchezo zisiimbwe. Msichana wetu anayecheza malkia akaenda kumuuliza Desolina. Desolina akamjibu kuwa yeye anapika tu.

Siku ya mchezo ikafika, watu wamejaa uwanjani, Tullia kando ya Desolina kwenye benchi la mbele. Mfalme akaagwa kwa ubeti mmoja. Mimi nikashusha fidla, sikujua la kufanya. Armido alisimama pale pale na upanga wake wa mbao, hakwenda popote. Akanitazama kwa ukali, akanionyesha kwa kidevu: piga. Nikapiga. Msichana akaimba zote mbili.

Baada ya mchezo Armido alikuja, bado amevaa taji, akajisukuma kwenye benchi katikati ya dada yake na Tullia.

“Ubeti wa pili,” alisema, “mstari wa tatu una silabi moja zaidi. Miaka yote unanikaba.”

“Unakukaba nini, na anayeimba ni malkia?”

“Naimba naye kimoyomoyo. Ungeniuliza kabla ya kuandika.”

“Ulikuwa na miaka kumi na minane. Ungejua nini?”

“Silabi nilikuwa nazijua,” Armido alisema, akanyoosha mkono akachukua kipande cha pai ya mboga kutoka kwenye sahani ya dada yake. Desolina akaisogeza sahani karibu naye.