Mjamzito Mbele ya Jua

Eufemia alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku hiyo jua lingepatwa saa saba na nusu mchana. Kwao, mwenye mimba hatoki nje siku kama hiyo. Akilazimika, hubana pini ndani ya nguo, juu ya kitovu, la sivyo mtoto huzaliwa na mdomo sungura. Mama mkwe wake, Doña Chayo, jambo hilo hakusimuliwa, lilimpata mwenyewe. Zamani alitoka kuanua nguo jua likiwa limepatwa, pini ameisahau, na mwanawe wa mwisho akazaliwa mdomo umepasuka hadi puani. Eufemia alikuwa anakula meza moja na shemeji huyo mwaka wa tatu sasa. Kovu lake alilijua.

Lakini alikwisha kuahidi. Kazi yake ilikuwa kufagia maktaba ya mji wao mdogo wa mashamba ya vitunguu, kusini mwa Texas. Bi Lorna, mtaalamu wa nyota wa chuo kikuu, alikuwa ameshakuja pale mara mbili na darubini zake na Kiingereza chake, na mara zote mbili wachuma vitunguu walitazama kwa mbali wakaenda zao. Safari hii alimwomba Eufemia ashike kipaza sauti awaeleze watu kwa Kihispania. Eufemia aliacha shule darasa la nne, na hata kanisani huimba mdomo nusu. Aliona haya kukataa.

Asubuhi Doña Chayo alimbana pini mbili badala ya moja, akampeleka maktaba kwa gari lake, naye akabaki garini.

Familia zilikuja, maana safari hii tangazo lilikuwa la Kihispania. Ila hazikushuka. Magari yalijipanga uwanjani mbele ya maktaba, vioo vimepandishwa, wajawazito wamejikunyata viti vya nyuma. Bi Lorna alimpa Eufemia karatasi ya kusoma: habari za mimba na jua ni hadithi za mabibi tu, washuke wote bila hofu. Eufemia aliisoma kimoyomoyo mara mbili. Waliomo magarini aliwajua mmoja mmoja. Wakisikia hivyo, watawasha magari waondoke. Na yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yale. Alibaki barazani chini ya paa.

Mzee mmoja aliteremsha kioo kidogo. "Bibie, kaa hukohuko kivulini, usije ukatuzalia sungura mzima na masikio yake."

Magari ya jirani yalicheka.

Jua lilianza kumegwa. Mwanga ukawa mwembamba, kama wa mchana wa mtu mgonjwa. Hapo ndipo Eufemia alipomwona binti wa miaka sita hivi, ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha mbele cha gari la kwanza, kidevu juu, analikodolea jua macho matupu. Gari la pili, watoto wawili vilevile. Mama zao walikuwa wamejifunika mablanketi kulinda matumbo, na hakuna aliyewatazama watoto.

Bi Lorna alikuwa amemfundisha wiki nzima: jua lililomegwa huunguza jicho, na jicho halilii maumivu.

Eufemia alikunja ile karatasi. Akatoka barazani, mkono mmoja tumboni, jua likampiga kifuani. Akainua kipaza sauti.

"Mama zangu," alisema, "mwenye mimba abaki na pini yake. Mimi ninazo mbili, na naogopa kama ninyi. Lakini watoto wanaangalia jua kupitia vioo vya magari, na kioo hakizuii kitu. Wafunikeni macho sasa hivi. Nawaletea miwani."

Bi Lorna aliuliza amesema nini. Alipoelezwa, akabeba boksi la miwani ya karatasi ya kutazamia jua na kumfuata gari hadi gari. Vioo viliteremka. Yule mzee alichukua miwani minne, macho chini. Wengine wakaanza kushuka, wajawazito wakishikilia nguo zao penye pini.

Giza lilipofunga, mbwa walinyamaza. Eufemia alihisi baridi ikimpanda mgongoni. Tangu asubuhi mtoto hakuwa amecheza. Alitamani kukimbilia ndani, lakini ni yeye aliyepaswa kuwaambia watu lini wavue miwani na lini waivae tena. Mkono ulimshika kiunoni kwa nyuma. Doña Chayo alikuwa ameshuka garini.

"Vaeni miwani," Eufemia alisema ukingo wa jua ulipochomoza, na sauti yake ilitetemeka uwanja mzima.

"Umesema vizuri, mwanangu," Doña Chayo alimnong'oneza. Hakumwachia kiuno. "Lakini ya tumboni tutayajua Juni, utakapojifungua."

"Ndiyo, mama," Eufemia alijibu, akaenda kumvisha miwani vizuri yule binti wa gari la kwanza, ambaye alikuwa anafikicha macho.