Chati ni ya Mwalimu Nakhumicha

Nakhumicha alikuwa amefundisha chekechea Kabiria kwa miaka tisa, na miaka yote hiyo chati za silabi zilizouzwa mjini zilimkera. Zilikuwa na zabibu na meli, vitu ambavyo watoto wake walivijua kwa kuambiwa tu. Likizo moja ya Aprili akanunua karatasi ya manila na rangi, akachora yake. Kwenye *ka* aliweka kandambili, kwenye *ji* jiko la makaa, na kwenye *nya* akamchora nyanya yake mzaa baba, kitambaa kichwani, ameshika nyanya moja nyekundu mkononi. Watoto waliisoma chati ile kama wanaoita majina ya jamaa zao.

Mzazi mmoja aliipiga picha akamtumia Kitavi, mtu wa makamo mwenye mashine za uchapishaji River Road. Haikupita wiki Kitavi akampigia mwalimu simu, akamwita ofisini kwake.

"Karibu mwalimu," alimwambia alipofika, akipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Hii kitu yako iko sawa kabisa. Weka sahihi hapa, nikulipe leo leo, nianze kuchapa Jumatatu."

Kiasi alichotaja kilikuwa kizuri. Nakhumicha akaivuta karatasi na kuisoma. *Mchoraji anamhamishia mnunuzi haki zote za kazi hii, za sasa na za baadaye, bila kikomo.* Hakuelewa yote, ila yale maneno mawili ya mwisho aliyarudia kuyasoma.

"Naomba niende nayo nyumbani."

"Nyumbani ya nini? Ni ukurasa moja tu."

"Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, Bwana Kitavi. Nikisaini kitu ambacho sijakielewa, nitawaambia nini?"

Kitavi alicheka, lakini hakufurahi.

Jumamosi Nakhumicha alikwenda mtaa wa Jamhuri kwa dada yake, Veronicah, aliyekuwa karani katika ofisi ya wakili kwa miaka mingi. Veronicah aliisoma karatasi akiwa bado ana kijiko cha chai mkononi, kisha akakiweka chini.

"Hapa unauza," alisema. "Si nakala, ni chati yenyewe. Ukitaka kesho kuchapa zako hamsini, unamwomba yeye. Akitaka kuigeuza tangazo la sabuni, hakuulizi."

"Kwa hiyo nikatae?"

"Ukatae kwa nini, na watoto wengine wanaihitaji? Mpe ruhusa ya kuchapa. Unakumbuka wale watu wa miwa waliokodi shamba la baba? Walilima, wakavuna, wakaenda. Jina kwenye hati halikuguswa. Hakimiliki inabaki kwako, yeye anapata matumizi mliyokubaliana, kwa muda mliokubaliana. Kila kitu kiandikwe."

Nakhumicha alirudi River Road Jumanne baada ya masomo. Alimweleza Kitavi alichotaka, naye Kitavi akavua miwani akaiweka mezani.

"Mwalimu, yaani unaniona mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Ngoja nikuambie. Mwaka juzi nilichukua kalenda ya mchoraji mmoja. Sikuandika kitu, tulishikana mikono tu. Wiki mbili baadaye naenda duka ya jirani, kalenda ni ile ile. Alituuzia sisi wawili! Mzigo ulinilalia hapo kwa kona mpaka panya wakazaa ndani. Ndiyo sababu siku hizi nanunua kitu mzima mzima."

Nakhumicha hakuwa ametarajia hilo. Alikuwa amekuja amejikaza kupambana na mjanja, kumbe mbele yake alikuwa mtu aliyewahi kuumizwa, na bado anaogopa. Alitazama mashine iliyokuwa ikitema karatasi upande wa pili, akafikiri.

"Basi tuandike hivi. Kwa miaka miwili, hakuna mwingine Kenya nzima atakayechapa chati hii kwenye karatasi. Hata mimi mwenyewe."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Lakini chati inabaki yangu, na jina langu linakaa chini yake. Miaka miwili ikiisha, ruhusa imeisha. Ukitaka tena, tunaongea tena."

Kitavi alimgeukia mkewe, Maureen, aliyekuwa kwenye kompyuta akijifanya hasikii. Maureen akatikisa kichwa kukubali, akafungua ukurasa mpya.

Walibishana saa nzima. Kitavi alitaka yule bibi aondolewe, ibaki nyanya ya kupikia peke yake, eti wateja watachanganyikiwa. Nakhumicha akakataa kata kata. Hakuna kitakachobadilishwa bila yeye kukubali, na hilo nalo likaandikwa. Kisha Kitavi akainama juu ya chati, akaweka kidole kwenye *ng'ombe*.

"Na hii alama yako? Tukipunguza chati iingie kwa saizi yangu, itapotea. Watoto watasoma *ngombe*."

Nakhumicha akatazama, akaona aibu. Miaka tisa ya kufundisha, na alama yenyewe ilikuwa ndogo kama kinyesi cha nzi. Akaomba kalamu ya Kitavi, akaikoleza palepale. Kisha wakasaini nakala mbili.

Chati zilitoka, zikauzika. Mwaka uliofuata alipigiwa simu na Tobias, mwalimu wa watoto wasioona huko Kakamega. Alitaka kuitengeneza chati ile kwa vitambaa na uzi wa katani, watoto waisome kwa vidole. Nakhumicha alitoa nakala yake ya mkataba, akaisoma neno kwa neno. Kitavi alikuwa na ruhusa ya kuchapa kwenye karatasi tu. Hata hivyo akampigia, kwa heshima.

"Umesema vitambaa?" Kitavi aliuliza. "Hiyo si yangu, mwalimu. Endelea." Kisha akaongeza: "Lakini asante kwa kuniambia."

Nakhumicha akamwandikia Tobias barua: shule moja, kwa kufundishia, isiuzwe, jina la mchoraji liwepo. Hakumtoza chochote.

Baada ya wiki tatu Tobias akapiga tena. Kazi ilikuwa ikienda vizuri, isipokuwa sehemu moja. "Kwenye *ki* ulichora kivuli, mwalimu. Sasa kivuli nakishona vipi? Naruhusiwa kubadilisha, ama kuna mtu wa kuulizwa?"

Nakhumicha alikuwa mlangoni mwa darasa, watoto wamepanga foleni ya uji, kila mmoja na kikombe chake.

"Wa kuulizwa ni mimi," alisema. "Toa kivuli, weka kijiko. Tena usikishone, kifunge kijiko chenyewe."