Sauti ya Mdogo Wake

Dada mtu alikuwa sauti ya mdogo wake tangu wakiogeshwa beseni moja. Mdogo ni kiziwi wa kuzaliwa. Dukani, hospitalini, hata siku ya posa, mikono ya mdogo ilisema na mdomo wa dada ukatamka. Siku ile mposaji alijisahau akamkodolea macho dada, akapigwa kibao cha mgongo: "Mchumba wako yule kule!"

Sasa walikuwa ukumbini, ghorofani, chini ya feni inayolalamika. Viziwi na wataalamu walikuwa wakitafuta ishara za maneno ya tabianchi ambayo hayakuwa nazo: angahewa, gesijoto, mkondo wa bahari. Mdogo ndiye fundi wao. Kwa angahewa alikunja ngumi, ikawa dunia, akaipitishia kiganja juu kama anayemfunika mtoto shuka. Kwa gesijoto shuka ikanenepa na dunia ikahema. Watu wakacheka, wakakubali.

Kero ya dada ilikuwa mkalimani wa pili, binti mwenye vishimo mashavuni. Wakalimani hupokezana, mmoja akifanya kazi mwenzake humlinda, na likimponyoka neno humrudishia kwa mkono, chini chini. Sasa, jina la ishara hupewi na mzazi, unapewa na viziwi wenyewe. Binti hakuwa na hata wiki mbili kazini, mdogo akampa lake: kidole shavuni. La dada ni kufuta pua, tangu alipokuwa mtoto wa makamasi.

"Yeye shavu, mimi kamasi!" dada alimlalamikia mumewe.

"Mwombe akubadilishie, mke wangu."

"Siombi mtu."

Na Jumamosi mdogo angezionyesha ishara hizo kwenye televisheni. Angekaa na mkalimani mmoja tu. Nani, alikuwa hajasema.

Likafika neno kupauka kwa matumbawe, zamu ya dada. Mdogo alisimamisha vidole, vikayumba kama vimo majini. Kwa mkono wa pili akavipangusa rangi, vikatulia.

"Hapo yamekufa?" akauliza mtaalamu wa bahari.

Dada akalifikisha swali. Mdogo alipoanza kujibu, binti akatabasamu pale pembeni, na macho ya dada yakaenda kwenye tabasamu lile. Yaliporudi, jibu lilikwisha pita. Angeomba lirudiwe, ni jambo la kawaida. Lakini mbele ya yule? Akabahatisha.

"Ndiyo, yamekufa."

"Basi ishara haifai," mtaalamu akasema. "Yaliyopauka bado yako hai. Maji yakipoa mapema, yanaweza kupona. Tuiache."

Mkono wa binti ukacheza karibu na goti: Amesema hayajafa. Dada aliuona. Akageuza uso.

Mdogo akazisoma nyuso za watu, akamgeukia. "Wameikataa? Nimekosea wapi?"

Angeweza kujibu kwamba hawakuipenda tu; hilo lingetosha, na binti asingethubutu kumuumbua. Dada akainua mikono. Mdogo alikuwa akiitazama mikono ile kama alivyoitazama siku zote, bila shaka hata chembe.

"Jamani," dada akasema kwa mdomo na kwa mikono, "nimekosea mimi. Sikuliona jibu, nikatunga. Alisema hayajafa."

"Kumbe!" mtaalamu akavua miwani. "Basi ishara ni nzuri mno."

Mdogo hakufurahi. "Umenitungia? Na mangapi mengine?"

"Ni hili tu, mdogo wangu. Haki ya Mungu."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Dada akagusa shavu lake kwa kidole.

Mdogo alimtazama mpaka dada akainamisha kichwa, kisha akamgonga bega ainue macho. "Jumamosi atakaa yeye. Wewe utakaa na watazamaji."

Jumamosi dada alikaa mstari wa mbele studioni, kando ya mumewe. Mikono ya mdogo wake ilipaa, ikashuka, ikawa bahari, ikawa hewa. Yeye macho yote kwenye mdomo wa binti, sentensi kwa sentensi, anavizia kosa. Kosa halikuja.

"Anaweza, eh?" mumewe akanong'ona.

"Nyamaza," akasema dada. "Hajamaliza."