Siku Thelathini na Saba za Hakuna

Mwanga wa asubuhi huingia chumba cha seva kwa ufa mmoja tu, juu ya dirisha lililozibwa kwa mbao, na ukishaingia hulionyesha vumbi. Vumbi linapanda, vumbi linashuka, vumbi linajilaza juu ya mashine zinazovuma usiku na mchana. Na katikati ya vumbi hilo, amepiga magoti, kitambaa mkononi, yuko mwanamke ambaye idara nzima ya hali ya hewa humwita Mama Waya.

Jina la kuzaliwa analo, usidhani. Ila nani alitumie? Printa ikigoma, Mama Waya. Nywila ikisahauliwa, Mama Waya. Wataalamu wa mawingu, watu wa chuo kikuu wanaojua upepo wa kesho utatoka wapi, hukwama mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, wakamwita mbio mbio, naye akawauliza kwa upole, "Lakini umeiwasha?" Kumbe hawajaiwasha. Hucheka peke yake njia nzima ya kurudi.

Asubuhi hiyo moyo wake ulikuwa mweupe. Dada yake alikuwa anaezeka nyumba, nyumba ya kwanza katika ukoo wao kujengwa kwa matofali, kando ya mto, mahali penye hewa. Mama Waya alikuwa ameomba ruhusa ya kuondoka saa sita akashangilie. Ilibaki kazi moja. Diski ya zamani ilikuwa inakata roho, inakwaruza, na alikuwa akihamishia vilivyomo kwenye diski mpya. Akafungua picha za madaftari ya kituo cha mtoni, ahakikishe tu kwamba zinafunguka.

Loo!

Ukurasa mmoja, wiki moja, mvua kwa milimita, mwandiko wa penseli wa mpimaji mvua aliyekwisha kustaafu. Jumatatu, 0. Jumanne, 0. Jumatano, 41. Alhamisi, hakuna. Ijumaa, hakuna. Jumamosi, 63.

Akatazama. Akasogea. Akatazama tena. Kama 0 ni siku kavu, hiyo hakuna ni ya nini?

Utasema, ni neno tu, linamtoa jasho kwa lipi? Ngoja nikwambie. Miaka tisa nyuma, wiki yake ya kwanza kazini, alipewa madaftari hayo ayaingize kwenye kompyuta. Kompyuta ikakataa maneno pale inapotaka namba. Naye, mgeni wa kazi, mwepesi wa mkono, akaandika mstari mmoja wa programu: ukikuta "hakuna", weka sifuri. Mstari mmoja, jamani! Haukumchukua hata dakika. Akajipongeza, akaenda kunywa chai. Na mashine ikatii. Hakuna, sifuri. Hakuna, sifuri. Miaka tisa bila kuchoka, bila kuuliza.

Akampigia simu mpimaji.

"Shikamoo baba. Kwenye daftari, ulipoandika hakuna, ulikuwa na maana hakuna mvua?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba. We mtoto, kukiwa kukavu naandika sifuri. Hakuna ni hakuna kipimo! Mto umejaa, maji yananifika kifuani, na kipimamvua kiko ng'ambo. Ningefikaje, niruke? Na lile daraja la miguu lilipochukuliwa, basi tena. Kila ikinyesha mvua ya kweli, hakuna."

Simu ilikatika, au aliikata, hakujua.

Elewa alichokielewa, uone kama utasimama. Zile mvua kubwa kuliko zote, ndizo mashine ilizoandika sifuri. Mbingu ilipofunguka, sifuri. Mto ulipopanda hadi njiani, sifuri. Maji yalipobeba daraja, sifuri. Na kadiri mafuriko yalivyozidi, ndivyo idara ilivyozidi kuona ukame. Kutokana na sifuri hizo Profesa, mkuu wa idara, alichora mstari unaoshuka mwaka hadi mwaka. Kutokana na mstari huo ikachorwa ramani, ukingo wa mto ukapakwa rangi ya kijani, na juu ya kijani pakaandikwa salama. Na ramani hiyo, Mola wangu, ni yeye Mama Waya aliyeipeleka kwa dada yake. Ni yeye aliyeitandaza mezani, akaweka kidole. "Jenga hapa, dada. Namba hizi nazitunza mimi."

Akaingia kwa Profesa bila kubisha hodi. Profesa aliinua macho, akamwona alivyo.

"Kuna nini?"

Na ulimi, kwa mazoea tu, kama ulimi wa mtu yeyote, ukataka kujibu hakuna. Akauuma.

"Kuna kosa, Profesa. Langu."

Alieleza akiwa amesimama, akashindwa, akaeleza akiwa ameketi. Wakahesabu pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Siku thelathini na saba. Profesa akachukua vipimo vya kituo cha mlimani vya siku zile zile, akasoma kwa sauti, naye akaandika kila namba palipokuwa na sifuri. Mia moja na kumi na mbili. Tisini na nane. Mia moja thelathini na moja. Kila namba ilimchoma kivyake. Na mstari kwenye kioo, ule mstari mpole unaoshuka, ukaanza kuinua kichwa.

Profesa alishika mdomo wake. "Nilisimama mbele ya watu," alisema, "nikawaambia mto umezeeka."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu kwamba zile sifuri zilimpa alichokitaka, ndiyo maana hakuziuliza, kisha akavuta simu kuwatafuta watu wa mipango miji. Ramani ilikuwa inajichora upya nyuma yake. Kijani kikaondoka polepole, kutoka daraja lilipokuwa, kikapita shule, kikapita kisima, na nyekundu ikafika mahali pale kidole cha Mama Waya kilipogusa.

Mama Waya akatoka hadi ukumbini, akampigia dada yake.

"Mdogo wangu!" Dada alikuwa anapiga kelele kwa furaha, na nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga, nyundo nne, nyundo tano. "Uko wapi? Bati la mwisho linapanda!"

"Dada, washushe mafundi."

"Nini? Sikusikii."

"Washushe. Hapo maji yanafika. Yamekuwa yakifika siku zote. Ramani ni ya uongo, na uongo ni wangu mimi."

Alimsikia dada akipaza sauti, shukeni, shukeni kwanza. Nyundo moja ikanyamaza. Ya pili. Moja iliendelea kidogo, ya fundi asiyesikia, nayo ikanyamaza.

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

"Hata ile mara ya kwanza ulisema una hakika."

Mwanafunzi mmoja alipita, akamsalimia, akamuuliza kuhusu printa.

"Basi njoo," dada alisema. "Njoo uwaambie watoto wewe mwenyewe. Kila mmoja ameshachagua dirisha lake."