Uji katika Vikombe vya Bati

Mwaka ule tanuri la matofali lilizika wanaume watatu, na hakuna aliyeungua. Wote walikuwa wabebaji, na wote walifungua siku kwa pombe kali, maana pombe ilikuwa mlangoni na chakula kilikuwa mbali. Msimamizi naye alikunywa, tena chupa nzima, lakini alikunywa ameshiba, na tumbo likimsokota alikuwa na gari la kumfikisha hospitali.

Mpika uji wa sokoni aliyajua hayo kwa sababu mdogo wake alibeba matofali pale. Mdogo huyo walimwita Fito kwa wembamba wake. Macho yake yalipogeuka manjano, dada yake, huyo mpika uji, alimshika mkono hadi zahanati. Daktari hakuzunguka mbuyu: ini limechoka, asipoacha hatauona mwaka mwingine. Fito akaahidi. Kesho yake alfajiri akarudi kwenye kikombe, akidai kwamba tofali halibebeki kwa tumbo tupu.

Dada hakumgombeza. Alichukua sufuria yake, akaihamishia kando ya tanuri. Siku tatu uji ukapoa. Wanaume wazima hawakutaka kuonekana na bakuli. Wakamuuliza kama na nepi amewaletea. Fito alipita ameinamisha kichwa.

Siku ya nne bakuli zilibaki nyumbani. Dada alimwendea muuza pombe, mjane wa mmoja wa wale watatu, akamwomba washirikiane. Mjane hakuhitaji maelezo mengi. Alivisugua vikombe vyake vya bati kwa majivu, mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata wabebaji wakakuta benchi lilelile, vikombe vilevile, mkono uleule ukiwagawia. Ndani mlikuwa na uji mzito wa moto. Kwa mbali hakuna ambaye angejua wanakunywa nini.

"Dada, hii kali kweli," mmoja alimwambia mjane akipuliza.

"Taratibu, kaka. Isije ikakuangusha."

Wakacheka. Fito alikuwa wa mwisho. Alitazama kichochoro cha wauzaji wengine wa pombe, akatazama kikombe. Akanywa mpaka chini.

Zipo siku alizoteleza, na dada hakuzihesabu. Lakini mwezi wa tatu macho yalianza kurudia weupe, na asubuhi moja akanyoosha kikombe bila kuambiwa.

"Ongeza, dada. Leo tunapakia malori mawili."

Dada akakwangua sufuria.